Shingo Iliyonona

Tarehe 6 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Nzzzing. Siwezi kuuandika vizuri zaidi ya hapo, na najua nimeukosea. Ni ule mlio wa uzi wa tatu wa gitaa lako, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo la bati akaamua kuimba. Nilikuwa mdogo, nimejilaza chini ya meza ya kulia, na mlio ukashuka kwenye miguu ya meza ukaniingia kwenye meno. Tangu hapo nimesikiliza magitaa mengi, mengine yakipigwa na watu wanaojua kuyapiga, na hakuna hata moja lililowahi kufika kwenye meno.

Nimetanguliza gitaa kabla ya salamu. Mama angesema nimelelewa na redio. Shikamoo, Mjomba. Shikamoo kwa Anti pia. Mguu wake unaendeleaje? Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama dirisha la jirani, na jirani hana pazia wala aibu, kwa hiyo pazia langu lafanya kazi ya watu wawili. Ningekupigia simu, ila mara ya mwisho nilikwambia nimepandishwa cheo ukanipa pole. Masikio yako hayajapona zile spika za bendi, basi tuendelee na kalamu.

Gitaa lilifika salama. Asante kwa kuniazima. Nikueleze kwa nini tunalihitaji kiasi hiki. Kiwanda kilichotengeneza gitaa lako kilikufa zamani, mitambo ikauzwa, michoro ikapotea. Mkurugenzi wetu alinunua jina na jengo, akaamua kulitoa upya gitaa lile lile "kama lilivyokuwa". Toleo la kwanza lilitengenezwa kwa kutazama picha moja ya tangazo. Picha haikuwa na rangi, wakalipaka nyeupe kama ukuta wa zahanati. Na kwa kuwa ilipigwa kwa mbele, mgongo wakajitungia. Wapenzi wa magitaa ya kale wakaleta malalamiko: skrubu za kale zilikuwa na mfereji mmoja kichwani, siyo msalaba. Toleo la pili likaja na mfereji mmoja. Wakalalamika tena: bamba la mbele lilikuwa la tabaka moja, siyo matatu, na ule waya wa shaba unaozungushwa kwenye sumaku za kuchukulia sauti ulizungushwa kwa mkono na akina mama waliokuwa wakipiga soga, kwa hiyo haukulala sawasawa. Toleo la tatu likaja na bamba la tabaka moja, na mashine mpya iliyofundishwa kuzungusha waya ovyo ovyo, kwa uangalifu mkubwa.

Kila toleo tumesema hili sasa ndilo lenyewe. Maneno hayo nayaandika mimi, kwenye kijitabu kinachowekwa ndani ya boksi, na kila mara nayaandika nikiyaamini. Hilo ndilo linalonisumbua. Safari hii nataka toleo la nne litokane na gitaa lenyewe, nililoliona kwa macho yangu, si picha.

Nina maswali matatu. Rangi ya gitaa lako si nyeupe. Ni rangi gani? Shingo yake ni nene kuliko kipimo chochote tulicho nacho. Ilitoka hivyo kiwandani? Na chini ya uzi wa tatu, pale nyuzi zinapopita juu ya daraja, kuna kipande kidogo cha chuma kilichochomekwa. Nani alikichomeka, na kwa nini?

Mpwa wako anayekupenda na anayesubiri majibu.

---

Tarehe 1 Machi

Profesa,

Marahaba. Barua yako imekuja na kutusomesha. Hatujambo hapa. Mguu wa Anti yako umepona, isipokuwa pale unapotakiwa kufagia. Mama yako alikuja Jumapili, akasema kiti changu ni kibovu, akakikalia mpaka jioni. Paka wangu wa karakana amezaa ndani ya friji ya mteja. Mteja amekuja kuichukua, nikamwambia bado tunangoja. Akauliza tunangoja nini. Nikasema tunangoja ifungue macho. Ameondoka akiwaza, na mimi nimepata nafasi.

Jirani yako asiye na pazia ni mwanamume au mwanamke? Anti yako ndiye anayeuliza.

Sasa maswali yako. Rangi ni ya maziwa. Shingo imenona kwa sababu imenona. Kuna watu wembamba na kuna watu walionona, na hakuna anayewazungukia na rula. Hicho kipande sijui unazungumzia kitu gani, na nakuomba usikizungumzie zaidi, hasa kwa maandishi.

Jambo la maana ni hili. Mpiga ngoma wetu anastaafu ngoma mwishoni mwa Juni. Amevunja kochi la mwanawe akifanya mazoezi, familia imekaa kikao. Tutampigia nyimbo zote tunazozikumbuka, yaani nne. Nalitaka gitaa langu kabla ya siku hiyo, na nalitaka kama lilivyo. Asilifungue mtu. Asilisafishe mtu. Hata vumbi liacheni, ni langu.

Mjomba wako.

---

Tarehe 14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini friji imefungua macho na paka wote wazima. Mwambie Anti jirani ni mwanamume, ni mnene, anapiga pasi akiwa kifua wazi, na sina la kuongeza. Mimi niliumwa mafua wiki nzima nikaendelea kwenda kazini, kwa sababu chumbani hakuna mtu wa kubishana naye.

Majibu yako yamezua mambo. Niliyasoma mbele ya kamati ya rangi. Ndiyo, ipo kamati ya rangi. Mchanganya rangi wetu, mtu mpole ambaye ana madoa mpaka kwenye kope, akaniuliza, "Maziwa gani?"

"Hakusema."

"Maana kuna maziwa ya unga, kuna maziwa yaliyochemka, kuna yaliyolala."

"Maziwa ni maziwa," akasema Mkurugenzi.

"Mzee, mimi siwezi kuagiza pipa la maziwa ni maziwa."

Wakaleta vikombe vya maziwa ya kila namna. Sikutanii, Mjomba. Viliwekwa vikombe mezani, gitaa lako katikati, taa ikawashwa, watu wazima wenye vyeti wakawa wanainama na kuinuka. Mhasibu alipita akadhani ni chai, akanywa kimoja, na kikawa ndicho kilichokaribia zaidi. Ilibidi kikorogwe upya kwa kukumbuka. Rangi imepewa jina: Maziwa ya Kale. Nilisema jina hilo linanuka. Nikaambiwa niandike kijitabu, nisinuse.

Kuhusu shingo, tulimwita mtaalamu wa mbao. Aliibishia hodi kwa kucha, akaitegea sikio, akailamba. Akatangaza kwamba mti huu haukatwi tena siku hizi, na wazee waliochagua mti kama huu walijua walichokuwa wanakitafuta. Kwenye karatasi ya vipimo, kulikuwa na nafasi ya maelezo, na mimi sikutaka kubuni, nikaandika neno lako. Sasa karatasi rasmi inasema: *Shingo: iliyonona, kwa ushahidi wa mwenye gitaa.* Mafundi wameshaanza kulitumia. Jana nilimsikia mmoja akimfokea mwenzake, "Hii haijanona, irudishe."

Na kile kipande, Mjomba. Najua umenikataza. Lakini kimepelekwa kupigwa picha za karibu, bila kuchomolewa, nakuapia, na picha zinaonyesha ni chuma chenye kunesa, kimewahi kupakwa rangi ya dhahabu, na ncha yake ina nusu ya ua lililochongwa. Nusu ya ua. Petali tatu na kipande cha kikonyo. Mkurugenzi aliitazama picha kwa muda mrefu kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapa ndipo sauti ilipofichwa." Amekipa jina, Ulimi wa Dhahabu. Kimeagizwa kikatwe vile vile, na nusu ua lake, kwa kila gitaa la toleo la nne.

Mimi nimekaa na picha ile mezani kwangu nikijiuliza ni kiwanda gani kingechonga ua mahali ambapo hakuna atakayeliona. Ama walikuwa watu wa ajabu sana, ama wewe unanificha.

Mpwa wako.

---

Tarehe 20 Aprili

Mpwa wangu,

Umekaa kimya ukidhani nimekasirika. Sikukasirika, nilikuwa natafuta mahali pa kuandikia. Hii naiandika karakanani, juu ya mgongo wa friji, kwa hiyo mwandiko ukitetemeka ujue mtambo umewaka.

Nyumbani barua zako husomwa kwa sauti. Miwani yangu imevunjika mkono, Anti yako ndiye msomaji, na husoma kwa vitendo. Mkurugenzi wako amempa sauti nzito, na yule mlamba mbao alimlambia meza. Tulikuwa tunacheka vizuri. Akafika kwenye "nusu ya ua". Akaishusha barua.

"Ua gani?"

Nikamwambia ua, ua wa nyumba. Uzio.

"Nusu ya uzio iko ndani ya gitaa?"

Nikamwambia ni lugha ya kiwandani.

"Na petali tatu je? Uzio una petali?"

Nikamwambia hawa wasomi wana maneno yao, hata mimi sikuelewa kwa nini wamwage hela kwa mambo hayo. Akaikunja barua, akaiweka kwenye kabati lake, si langu. Tangu hapo anapika vizuri mno. Sijui kama unaelewa ninavyoogopa.

Kwa hiyo, kuanzia sasa andika kwa anwani ya karakana. Na ukilazimika kulitaja lile jambo, usiandike ua. Andika uzio.

Mengine nitakwambia, maana naona mnakwenda mbali. Rangi ile ni ya friji. Mimi ni fundi wa friji, nina rangi gani nyingine? Nilikuwa nimempakia mwenye bucha friji yake, ikabaki robo kopo, gitaa lilikuwa limeanza kubanduka. Nililipaka mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na haraka, ndiyo maana kuna nywele ya brashi karibu na swichi. Kama mmeinakili na hiyo nywele, poleni.

Shingo ni tendegu. Shingo ya kwanza ilivunjika mpiga ngoma alipolikalia gitaa akidhani ni mto. Fundi wa vitanda wa mlango wa pili akanichongea nyingine kutoka mguu wa kitanda uliobaki. Alitaka kuipunguza, nikamwambia acha, usije ukaharibu. Huyo mtaalamu wenu amelamba kitanda.

Kwa hiyo ukitoa rangi, ukitoa shingo, kilichobaki cha kiwandani ni mwili, bamba na sumaku. Mwambie Mkurugenzi wako yote hayo. Akishajua kwamba hana mali, atanirudishia. Hiyo ndiyo sababu ya kukwambia, siyo kwamba napenda.

Kuhusu uzio sina la kusema.

Mjomba.

---

Tarehe 2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kwa anwani ya karakana kama ulivyoagiza. Salamu kwa paka. Nyumbani wote wazima kwa taarifa nilizo nazo. Mama ameniandikia kurasa mbili, zote juu ya kiti chako. Jirani yangu amenunua pazia. Nilihuzunika kidogo, sijui kwa nini.

Nilimwambia Mkurugenzi. Nilichagua saa ambayo ametoka kula, nikafunga mlango, nikamwambia friji, bucha, brashi, kitanda. Alisikiliza yote akiwa ameshika kifuniko cha kalamu. Kisha akauliza, "Wanaojua ni nani?"

"Mimi, wewe, Mjomba na fundi wa vitanda."

"Huyo fundi yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anasoma vijitabu vya magitaa?"

Nikamwambia sidhani. Akashusha pumzi. Mbao zimeshanunuliwa, akasema, mashine ya kunakshi uzio imeshawekwa, mtaalamu ameshalamba. Halafu akasimama, akaenda dirishani, akasema kitu ambacho bado sijakimaliza kichwani. Alisema, "Binti, wale wa zamani hawakutengeneza gitaa hili. Walilianza tu."

Nilitoka pale nimekasirika, nikafika kwenye ngazi nikagundua nakubaliana naye, nikakasirika upya.

Toleo la nne limeanza kutoka. Nikueleze lilivyo, maana hutaamini. Rangi ya friji ya bucha, makoti mawili, la pili kwa haraka. Mchanganya rangi ameajiri mtu wa kupaka kwa haraka. Wa kwanza alifukuzwa kwa utaratibu wake. Nywele ya brashi ipo, inabandikwa kwa kibano. Ule mchubuko ulioachwa na mkanda wako mgongoni mwa gitaa unachubuliwa kwa mkanda wa suruali uliofungwa kwenye mota. Shingo imenona. Na uzio upo, chini ya uzi wa tatu. Nililichukua moja la kwanza kutoka, nikalichomeka kwenye amplifaya, nikapiga uzi ule. Nikatoka nje nikasimama karibu na mapipa ya takataka. Mjomba, lilifika kwenye meno.

Nimekuwekea ndani ya bahasha ukurasa wa tangazo lililotoka gazetini, ili uone jinsi ulivyotukuzwa. Picha kubwa ya pembeni ni Ulimi wa Dhahabu wenyewe, uliokuzwa.

Gitaa lako limewekwa kwenye kabati la kioo, ukumbi wa mapokezi. Ufunguo ninao mimi. Tarehe ya kulirudisha tutazungumza. Kwenye kikao cha jana limetajwa neno "kurekebisha", kwa maana ya kulivua hiyo rangi, kuliwekea shingo nyembamba na kuchomoa visivyohusika, lifanane na picha ya tangazo la zamani, asije mgeni mwenye macho akalisogelea akatambua kitanda. Mimi ndiye naandika kumbukumbu za vikao. Neno hilo sikuliandika, nikitumaini litapotea lenyewe.

Mpwa wako.

---

Tarehe 19 Mei

Mpwa wangu,

Hali si nzuri. Ule ukurasa wa gazeti niliukunja nikauweka kwenye mfuko wa shati. Shati likafuliwa. Anayefua mashati hukagua mifuko kwanza, nawe unamjua.

Usikubali hilo neno la kurekebisha. Nakuomba kama mjomba, na kama hujali mjomba, nakuomba kama mtu anayelala sebuleni. Sijui kile kitu kilifikaje ndani ya gitaa langu. Huenda kilianguka. Vitu huanguka. Mimi nilikuwa mpiga gitaa, sikuwa mlinzi wa

*Mwanangu, hapa anaandika Anti yako. Kalamu nimempokonya.*

*Hujambo? Sisi tuko salama, mguu wangu mzima, hata kufagia nafagia siku hizi kwa hasira. Nilikuwa na kibanio cha nywele, cha dhahabu ya kupaka, kina ua kamili, mama alitupa mimi na dada yangu tukivae kwa zamu. Kikapotea zamu yangu ilipokuwa inaisha. Mimi nikamwambia dada yangu amekichukua kabla ya siku yake. Yeye akasema mimi nimekificha kisifike siku yake. Tangu siku hiyo dada hajakanyaga mlango huu. Na huyu bwana alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti, anakaza nyuzi, anatuambia, "Kina mama, vitu vidogo hivi visiwagombanishe."*

*Nimetazama picha ile kubwa. Nusu ya ua naijua. Nilizaliwa naiona.*

*Nimeshamwita dada yangu kwenye hiyo shughuli ya mpiga ngoma. Amekubali kwa shingo upande. Nimemwambia nina kitu chetu cha kumwonyesha. Sitaki nakala, mwanangu. Wamezichonga ngapi huko mimi sijui, na dada atasema nimenunua dukani kumpumbaza. Nakitaka kile chenyewe, kikiwa ndani ya gitaa pale pale kilipochomekwa, nikichomoe kwa mkono wangu, yeye akitazama, na huyu akitazama. Wakikichomoa hao wa kwako wakakitupa na takataka, basi mimi na dada yangu tumekwisha.*

*Mjomba wako hajambo. Anakula.*

Sijui kilifikaje pale. Mjomba.

---

Tarehe 12 Juni

Shikamoo Mjomba, shikamoo Anti. Barua hii isomwe kwa sauti, hakuna cha kuficha tena.

Mimi sijambo. Nimekonda kidogo lakini nitanona. Mama amesema atakuja kwenye shughuli na kiti chake mwenyewe.

Neno halikupotea. Wiki iliyopita Mkurugenzi alipanga gitaa lishushwe karakana ya rangi siku ya Jumatatu. Niliomba lirudishwe kwa mwenyewe, akasema litarudishwa likishapendeza. Nikamwambia mwenyewe halitaki likiwa limependeza. Akacheka, akasema wazee wote husema hivyo mpaka waone. Nikamwambia habari za kibanio na za dada wawili, maana sikuona njia nyingine. Akanisikiliza kwa heshima kabisa, akasema, "Kuna ngapi kwenye ghala? Wapelekee mia." Hapo nikaelewa kwamba yeye na mimi hatuzungumzii kitu kimoja, na hatujawahi.

Jumatatu asubuhi nililitoa gitaa kwenye kioo, nikalipeleka chumba cha vipimo ili nilipime mara ya mwisho kabla halijavuliwa nguo. Nikachukua na moja jipya kutoka chumba cha kufungia maboksi, nililinganishe. Nikayalaza mezani, bega kwa bega. Nikapita karatasi yote ya vipimo, mstari kwa mstari: rangi, haraka ya koti la pili, nywele, mchubuko, shingo, ulimi. Hayakutofautiana popote. Ningepaswa kufurahi, ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Mkurugenzi akaingia na mchanganya rangi nyuma yake. Akalinyanyua moja, akaligeuza, akaliweka. Akalinyanyua la pili, akaligeuza, akaliweka. Akaligonga la kwanza mgongoni. Nilikuwa nimesimama nimeshika karatasi, natazama mikono yake kama mtu anayetazama mchezo wa karata, na katikati ya kutazama nikapotea. Sikujua tena lipi ni lipi.

"Ndilo lipi?" akauliza mchanganya rangi.

Akaniangalia mimi. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema chochote Mkurugenzi akaweka kiganja juu ya moja.

"Unamuuliza wa nini? Mtu mwenye jicho hakosei. Ona lilivyochoka hili. Kitu cha kale kina uchovu wake."

"Kweli mzee, limechoka."

Wakaondoka nalo. Nikabaki na moja.

Mjomba, nililishika lile lililobaki nikalitazama mpaka macho yakauma. Karatasi ilikuwa imejaa majibu na hakuna hata moja lililonisaidia. Mwishowe nikafanya nililokatazwa na kamati: nikainamisha pua pale kwenye kitundu cha waya, nikanusa. Vidonge vya kufukuza nondo kwenye nguo. Ni kabati lenu, lile la chumbani mlikolitunza, na chini ya harufu hiyo kuna mafuta ya nywele ya Anti na kitunguu cha mtu fulani. Karatasi ya vipimo haina mstari wa harufu. Nilikaa sakafuni nikacheka, halafu nikanusa tena kuhakikisha.

Nilikuwa na muda wa kushuka ngazi niwaambie wamekosea. Ngazi zenyewe ni fupi. Sikushuka. Nimejihoji sana juu ya hilo, kama mnavyonijua, na kila nikijihoji napata jibu lile lile: waliulizana wao kwa wao, wakajibiana wenyewe.

Kwa hiyo lililovuliwa rangi huko chini ni gitaa jipya. Walipofika kwenye mbao wakaitana waone jinsi lilivyotunzwa kwa miaka yote hiyo, kama limekatwa juzi. Mchanganya rangi alisema watu wa kale walikuwa watu. Wamechomoa ulimi wakautupa. Wamechonga shingo ikawa nyembamba, wakalipaka nyeupe kama ukuta wa zahanati, wakalirudisha kwenye kioo. Mkurugenzi amelizunguka mara kadhaa, ameguswa, na ameamua vipimo vya toleo la tano vichukuliwe hapo. Mkiangalia vizuri, ni toleo la kwanza limerudi. Ameniomba niandike kijitabu chake. Nimemwambia amtafute mwingine, mimi nimeyamaliza maneno; nitabaki kwenye vipimo.

Nililifunga gitaa lenu kwenye blanketi langu nikatoka nalo mlango wa mbele, mlinzi akaniuliza kama ni moja ya yale mapya, nikamwambia hapana, akacheka akanifungulia. Jana asubuhi nilikwenda kituo cha mabasi. Sikutaka liwekwe kwenye buti na magunia, nikalikatia kiti, cha dirishani, nikalifunga mkanda. Mkata tiketi akaniuliza kama abiria ni mtoto au mtu mzima. Nikalitazama, nikalipa nauli ya mtu mzima. Linafika kwenu Ijumaa.

Mpwa wenu.